Wasomaji Wanauliza: Kuboresha si Kuhama

Makala tuliyoichapisha katika toleo lililopita, iliyoeleza kwa ufupi jinsi mbinu za uboreshaji endelevu zinavyotumika katika mpito wa nishati, yaani kuhama kutoka makaa na mafuta kwenda vyanzo kama jua na upepo, imeleta barua nyingi kuliko tulivyotarajia, na nyingi kati yake zimeandikwa na watu wanaoshika spana, wanaosoma mita au wanaopitisha vibali. Baadhi ya barua tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyaacha.

SWALI: Katika makala yenu neno "endelevu" lilitumika mara kuelezea uboreshaji, mara nishati, mara mpito wenyewe. Je, mnazungumzia kitu kimoja?

JIBU: Hapana, na utata huo ni kosa letu. Kiswahili kimelitwika neno hili mizigo miwili. "Uboreshaji endelevu" ni uboreshaji usiokoma, yaani tabia ya kuichunguza kazi kila siku na kuirekebisha kidogo kidogo. "Nishati endelevu" ni nishati inayoweza kutumika leo bila kuwanyima watakaokuja kesho rasilimali wala hali ya hewa inayofaa kuishi. Mtu anaweza kulifanya la kwanza kwa ustadi mkubwa bila kulikaribia la pili. Mgodi wa makaa ya mawe unaweza kupunguza gharama za uchimbaji mwaka hadi mwaka kwa nidhamu ya kupigiwa mfano, na bado kinachotoka mgodini kisiwe endelevu hata kidogo. Kuanzia hapa tutasema "uboreshaji usiokoma" kwa maana ya kwanza, na neno "endelevu" tutaliachia maana ya pili. Tofauti hiyo ya maneno ndiyo itakayojibu nusu ya barua zinazofuata.

SWALI: Kaizeni, yaani mbinu ya Kijapani ya kuboresha kazi kidogo kidogo, na ndugu zake zilizaliwa katika viwanda vya magari. Umeme haushikiki, haupangwi rafuni, wala haurudishwi ukiwa na kasoro. Zina nafasi gani kwetu?

JIBU: Asili yake haikuwa kwenye magari pekee. Mwaka 1924 Walter Shewhart, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni za simu za Bell nchini Marekani, alichora chati ya kwanza ya kutenganisha mabadiliko ya kawaida ya kazi na mabadiliko yenye sababu maalumu. W. Edwards Deming aliyapeleka mawazo hayo Japani katika mihadhara yake ya mwaka 1950, na mzunguko wa kupanga, kutenda, kukagua na kurekebisha ukaota mizizi huko. Toyota, chini ya watu kama Taiichi Ohno, iliyakuza katika karakana zake, na Masaaki Imai akalieneza duniani neno kaizeni mwaka 1986. Kwa hiyo chimbuko lake ni kampuni za simu, na mtandao wa simu unafanana na gridi ya umeme kuliko unavyofanana na gari.

Ushahidi mkubwa zaidi umo ndani ya paneli ya sola. Wengi huamini kwamba sola ilishuka bei kwa sababu ya uvumbuzi fulani mkubwa. Sivyo. Mwaka 1936 mhandisi Theodore Wright alionyesha kwamba gharama ya kuunda ndege hushuka kwa kiwango kinachokaribiana kila mara jumla ya ndege zilizoundwa inapoongezeka maradufu. Paneli za sola zimeifuata kanuni hiyo kwa ukaidi wa ajabu: kwa miongo kadhaa, kila mara jumla ya uzalishaji ilipoongezeka maradufu, bei ilishuka kwa takriban asilimia 20. Nyuma ya takwimu hiyo kuna mambo madogo yasiyoandikwa magazetini, kama vile vipande vya silikoni kufanywa vyembamba zaidi, waya wa kuvikatia kupakwa almasi ili usile silikoni nyingi, na madini ya fedha kupungua katika kila seli. Mpito wenyewe, kwa sehemu kubwa, ni zao la uboreshaji usiokoma.

SWALI: Mimi ni mhandisi katika mtambo wa makaa ya mawe. Kwa miaka miwili timu yangu imeziba mivujo ya mvuke, imesafisha mirija ya boila na kurekebisha uwiano wa hewa na makaa, hata ufanisi ukapanda kutoka asilimia 35 hadi 36. Uongozi unataka kutangaza kwamba huo ndio mchango wetu katika mpito endelevu. Moyoni nina shaka. Je, ni ya haki?

JIBU: Shaka yako ni ya haki, ingawa kazi yenu si ya kudharauliwa. Tuanze na hesabu. Kwa umeme uleule, mtambo uliokuwa ukichoma tani 36 za makaa sasa unachoma tani 35. Mmeokoa tani moja katika kila tani 36, pamoja na hewa ukaa ambayo ingetoka humo, na hilo limepatikana bila kujenga chochote kipya.

Sasa geuza upande wa pili. Tuseme mafanikio hayo yanawashawishi wenye mtambo kuuendesha mwaka mmoja zaidi ya ilivyopangwa, katika kipindi ambacho umeme huo ungeweza kupatikana kwa upepo au jua. Katika mwaka huo wa ziada mtachoma tani 35 kwa kila moja mliyokuwa mkiiokoa kwa mwaka. Mwaka mmoja tu unafuta akiba ya miaka 35. Ndiyo maana tunasema kwamba swali la kwanza la mtambo wa makaa ni tarehe ya kufungwa. Ufanisi unakuja baada yake. Tarehe ikiwa imeandikwa na haisogei, kila asilimia mnayoiongeza ni faida halisi. Tarehe ikiwa haipo, asilimia hiyohiyo inaweza kuwa sababu ya kuendelea.

Uingereza ina mfano unaofaa hapa. Kituo cha umeme wa makaa cha Holborn Viaduct kilianza kazi London mwaka 1882, na kituo cha mwisho cha makaa nchini humo, Ratcliffe-on-Soar, kilizimwa tarehe 30 Septemba 2024. Mwaka 2012 makaa yalikuwa bado yanatoa karibu asilimia 40 ya umeme wa nchi hiyo. Kilichoyaondoa ndani ya miaka 12 ni gharama iliyowekwa kwenye hewa ukaa, ratiba ya serikali ya kuyaacha, na ukuaji wa vyanzo vingine, hasa upepo. Hakuna timu ya kaizeni iliyofunga mtambo kwa kusafisha mirija yake, na haikuwa kazi yake kufanya hivyo.

Hata hivyo, uamuzi ukishafanyika, uboreshaji usiokoma hupata kazi yake ya kweli. Shamba la kwanza la upepo baharini, Vindeby nchini Denmark, lilianza mwaka 1991 likiwa na mitambo 11, kila mmoja wa kilowati 450, kiasi ambacho leo kinaonekana kama kichekesho kando ya mitambo inayopita megawati 10. Umbali kati ya hiyo na hii ulivukwa kwa hatua nyingi: bapa refu zaidi, meli bora za kusimika, ratiba bora za matengenezo. Lakini mtu alilazimika kwanza kuamua kwenda baharini.

Kwa timu yako tungependekeza lengo jingine kwa miaka iliyobaki. Badala ya kukimbiza ufanisi wa mtambo unaokwenda kwa nguvu zote, upimeni uwezo wake wa kushuka: unaweza kufika kiwango gani cha chini bila moto kuyumba, na unachukua dakika ngapi kupanda tena? Gridi yenye upepo na jua nyingi inahitaji mtambo unaojua kupisha. Huenda mkapoteza kidogo katika ile asilimia 36, kwa kuwa boila haifanyi kazi vizuri ikiwa chini, na hapo ndipo mtakapolazimika kumweleza mkurugenzi kwa nini kipimo cha zamani kimeshuka ilhali kazi imekuwa bora.

SWALI: Shamba letu la sola linazalisha pungufu ya makadirio kwa asilimia 18 hivi. Mkuu wangu anataka tuongeze paneli. Mimi, ambaye ni fundi tu, nadhani tutafute chanzo kwanza. Nianzie wapi?

JIBU: Ondoa neno "tu" katika barua yako. Wajapani wana neno gemba, yaani mahali kazi inapofanyika, na aliye gemba ni wewe.

Kabla ya kutafuta hitilafu, jiulize ni sehemu gani ya hiyo asilimia 18 ni upungufu wa kweli. Uwezo ulioandikwa mgongoni mwa paneli umepimwa seli zikiwa kwenye nyuzi 25 za selsiasi. Juani paneli hufika nyuzi 60 bila shida, na paneli nyingi za silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi inayozidi. Nyuzi 35 za ziada ni asilimia 14 ya uwezo wakati wa jua kali. Ikiwa aliyefanya makadirio alilisahau joto, mnatafuta mwizi ambaye hakuwahi kuingia.

Kisha kichunguze kipima mwanga wa jua. Hili husahaulika mno. Kipimo hicho kikipata vumbi sawasawa na paneli, kitaonyesha jua dogo kuliko lililopo, na uwiano kati ya jua lililopimwa na umeme uliopatikana utaonekana mzuri ilhali shamba zima ni chafu. Kipanguse, usubiri siku mbili au tatu, halafu utazame tena.

Baada ya hapo linganisha safu kwa safu, kwa saa ileile. Hapa ndipo chati ya Shewhart inapoonyesha thamani yake. Safu zote zikiwa chini kwa kiasi kinachokaribiana, sababu ni ya mfumo mzima: vumbi, joto, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa gridi) ndogo kuliko inavyotakiwa, au makadirio yenyewe. Safu mbili tatu zikiwa chini sana kuliko nyingine, sababu ni maalumu, na itapatikana kwa kuzitembelea safu hizo. Kuchanganya aina hizo mbili ni kosa la gharama, maana utaosha shamba zima kwa ajili ya fyuzi moja, au utabadilisha fyuzi kumi wakati tatizo ni vumbi.

Kuhusu vumbi, usibishane na mtu. Osha safu moja, acha ya jirani, na uandike uzalishaji wa zote mbili kila siku kwa wiki kadhaa. Osha alfajiri, kwa sababu maji baridi juu ya kioo chenye moto wa mchana yanaweza kukipasua. Mstari wa tofauti kati ya safu hizo mbili utakuambia ni baada ya siku ngapi gharama ya kuosha inajilipa, na ratiba yenu itatokana na shamba lenu badala ya kijitabu cha muuzaji.

Kwa safu yenye sababu maalumu, uliza "kwa nini" hadi ufike mahali ambapo kubadilisha jambo kutazuia lisirudi. Tuseme mkondo ni mdogo kwa sababu fyuzi imeungua. Imeungua kwa sababu kiungio kilipata joto. Kilipata joto kwa sababu kililegea. Kililegea kwa sababu hakikukazwa kwa spana inayopima nguvu ya kukazia. Na spana hiyo haikutumika kwa sababu haikuwamo katika orodha ya vifaa vya mkandarasi. Fyuzi mpya itarudisha umeme wa leo. Orodha mpya itaokoa viungio vingine mia vilivyokazwa na mikono ileile, na wewe huna budi kwenda kuvikagua wiki hii.

Ukimaliza hayo yote na shamba bado liko chini, mkuu wako anunue paneli zake.

SWALI: Ninafanya kazi katika ofisi inayoshughulikia maombi ya kuunganisha mitambo mipya kwenye gridi. Maombi ya sola na upepo yamerundikana, na kila anayelalamika anasema sisi ndio kikwazo. Je, mbinu za kiwandani zinaweza kusaidia kazi ya makaratasi?

JIBU: Zinaweza, pengine kuliko kwingine kokote katika sekta hii. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria mwaka 2023 kwamba miradi ya nishati jadidifu yenye jumla ya angalau gigawati 3,000 ilikuwa kwenye foleni za kuunganishwa duniani, na nusu yake ilikuwa katika hatua za mbele. Paneli zipo, fedha zipo, na faili liko mezani.

Msomaji wa Kiswahili anayefungua vitabu vya mbinu za Toyota hukutana na jambo la kuchekesha: neno la Kijapani lenye maana ya upotevu ni "muda". Katika ofisi yako maneno hayo mawili, la kwao na la kwetu, yamekuwa kitu kimoja. Chukua mafaili 20 yaliyokwisha kukamilika na uandike tarehe ya kila tukio. Tenganisha saa ambazo mtu alilifanyia faili kazi na siku ambazo faili lilimngoja mtu. Hatuna haja ya kukisia utakachokuta; kwa kawaida kungoja hula sehemu kubwa mno kiasi kwamba kuwahimiza wahandisi wakimbie hakubadilishi chochote. Kisha tazama mafaili yanayorudishwa kwa kukosa nyaraka. Faili lililorudishwa mara tatu limepanga foleni mara nne, na dawa yake ni kulikagua mlangoni, siku linapopokelewa, mwombaji akiwa bado amesimama pale.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo mbinu za kiwandani zikinakiliwa kikasuku zitakupotosha. Karakana hufundisha kushughulikia kitu kimoja kimoja, bila marundo. Uchunguzi wa maombi ya gridi ni kinyume, kwa kuwa kila mtambo unaoongezwa hubadilisha majibu ya mtambo unaofuata, na mwombaji mmoja akijitoa, hesabu za waliokuwa nyuma yake huanza upya. Ndiyo sababu wasimamizi wa nishati wa serikali kuu ya Marekani waliamua Julai 2023 kwamba maombi yachunguzwe kwa makundi, na kwamba aliye tayari kujenga apewe nafasi mbele ya aliyewahi kujiandikisha. Miradi hewa, inayoshikilia nafasi bila ardhi wala fedha, ndiyo uchafu wa foleni hizi.

SWALI: Kiwanda chetu kilipunguza matumizi ya umeme kwa asilimia 12 baada ya kampeni ya miezi sita. Mwaka mmoja baadaye tumerudi tulipoanzia. Tumekosea wapi?

JIBU: Huenda sehemu ya asilimia 12 haikuwapo tangu mwanzo. Je, katika miezi hiyo sita mlizalisha bidhaa kiasi kilekile? Uzalishaji ukishuka, umeme hushuka wenyewe, na kampeni hupata sifa isiyo yake. Kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa nishati, ISO 50001, kilichotolewa mwaka 2011 na kufanyiwa mapitio mwaka 2018, kinadai msingi wa kulinganishia unaozingatia mambo kama hayo, na hata asiyetaka cheti anaweza kukichukua kipengele hicho.

Sehemu iliyokuwa ya kweli imepotea kwa kuwa haikufanywa kuwa kanuni ya kazi. Mivujo ya hewa ya kompresa huzibwa na kuota tena. Anayeziba mara moja amefanya usafi wa sikukuu. Feni nazo huwa na hadithi yake. Nguvu inayohitajika na feni hupungua kwa mchemraba wa kasi, hivyo ukipunguza kasi kwa asilimia 20 unabakiwa na karibu nusu ya matumizi. Lakini siku moja mtu wa zamu huona joto, hupandisha kasi hadi mwisho, na hakuna aliyeandika kiwango sahihi ukutani wala sababu yake. Kiandikeni, na mwenye zamu awe miongoni mwa wanaokipanga.

SWALI: Tuchague Sigma Sita au kaizeni?

JIBU: Kama hamna vipimo vinavyoaminika, hakuna kati ya hizo itakayowafaa. Nunueni mita kwanza. Sigma Sita, iliyoanzia Motorola mwaka 1986, hulenga kasoro zisizozidi 3.4 katika nafasi milioni moja, na lengo la namna hiyo halina maana mahali ambapo mita husomwa mara moja kwa mwezi.

SWALI: Sisi ni wafanyakazi wa kampuni ya umeme. Uongozi umetangaza mpango wa uboreshaji usiokoma kama sehemu ya mpito, na kila idara inatakiwa kutoa mawazo. Wenzangu wananong'ona kwamba tunaombwa kuchimba makaburi yetu. Je, tushiriki?

JIBU: Mnong'ono huo una msingi, kwa kuwa wako waajiri waliotumia mbinu hizi kuhesabu watu wa kupunguza. Ipo pia hatari ya pili, isiyosemwa sana. Kampuni ya umeme ya Florida Power & Light ya Marekani ndiyo ya kwanza nje ya Japani kupata Tuzo ya Deming, inayotolewa Japani kwa ubora wa kazi, mwaka 1989, baada ya miaka ya kufuatilia mambo kama kukatika kwa umeme kwa wateja. Baada ya tuzo, uongozi uliipunguza sana idara ya ubora, kwa sababu wafanyakazi walikuwa wamelalamikia makaratasi na taratibu zilizokuwa zimeanza kuishi kwa ajili yake zenyewe. Mpango unaweza kushinda tuzo na bado ukawachosha waliouendesha.

Kuhusu kushiriki, ushauri wetu ni kwamba mshiriki kwa masharti. Mpito huu utafunga baadhi ya kazi, hasa pale mafuta yanapochomwa, na utafungua nyingine katika njia za umeme, mashamba ya sola, betri na matengenezo. Anayejua boila hajui inveta kwa kuamka tu asubuhi. Kwa hiyo, kabla ya mkutano wa kwanza, ulizeni kwa maandishi mambo mawili: saa za kazi zitakazookolewa na mawazo yenu zitapelekwa wapi, na nani atalipia mafunzo ya wale ambao kituo chao kina tarehe ya kufungwa. Jibu likija na tarehe na majina ya vitengo, toeni mawazo yenu. Likija na maneno ya jumla, tumieni fomu ya kwanza ya mapendekezo kuandika swali hilohilo tena.